Neno Alilojifunza Radi Bustanini

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za moyoni, nikitumaini goti lako limekuruhusu kupanda ngazi bila kulaani mtu. Sisi huku tu wazima, na mwanangu anarefuka hivi kwamba kila mwezi nashusha pindo la sketi yake ya shule. Nisamehe kwa kimya cha miezi minne. Simu zako niliziona zote. Niliogopa kuzipokea, maana sauti yangu ingenisaliti.

Shemeji yako anaendelea vizuri. Unajua tangu kiharusi kimpige hakuwahi kutamka neno. Yeye, ambaye wateja wa kuchomelea vyuma walimpa jina la Radi kwa sababu akiita mtu karakanani hata nyundo zilinyamaza! Mkono wa kulia umelala, mguu anaukokota. Muuguzi wa mazoezi alituambia kwamba ulimi unaweza kurudi na unaweza usirudi, tusimlazimishe, ila tumpe kazi ndogo ndogo za mkono wa kushoto.

Kazi ndogo! Siku moja nikamkuta uani anavuta mlango wa gari kwa kamba aliyojifunga kiunoni. Unaukumbuka ua wetu ulivyokuwa: mageti yaliyokatwa nusu, matangi yenye kutu, vyuma mpaka ukutani, kuku wenyewe walipita kwa adabu. Nilitaka kumzuia, akanitazama jicho moja tu, nikarudi ndani. Kwa wiki saba alitoa kipande kimoja kimoja hadi barabarani, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakaja kubeba. Chini yake kukatokea udongo mweusi, dada. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba hii ina udongo.

Kisha akaanza kubeba matofali, moja moja, ameyakumbatia kifuani kama watoto. Akayapanga kwenye kona ya ukuta, juu yake akaweka kiti cha watu wawili kilichong'olewa kwenye basi bovu. Geti moja alilibakiza, akaliegemeza hapo, mpasheni ukalitambalia hadi ukafanya paa. Pembeni akapanda asumini, akaweka beseni la maji, na chiriku wakaja kuoga bila kualikwa. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani nikijiuliza huyu ni mwanamume gani, na yule wangu kampeleka wapi.

Cherehani yangu iko kwenye dirisha hilo la nyuma. Asubuhi moja nashona sare, nikasikia sauti nje. “Ja... jani.” Nikaacha kukanyaga ili nisikie vizuri, naye akanyamaza papo hapo. Ndipo nikaelewa: alikuwa anajificha nyuma ya kelele za mashine yangu, maana aliona aibu. Basi nikatoa kitambaa, nikatoa uzi, nikawa nakanyaga mashine tupu, polepole, huku nasikiliza.

Dada, sijui nikuelezeje. Alikuwa akigusa kitu, anakitaja, anakosea, anarudia. Maji. Udongo. “Kipepeo” lilimchukua siku mbili, na alipolipata alicheka peke yake, mimi nikajiziba mdomo kwa gauni la mteja. Nimejifungua, nimezika wazazi, lakini sijawahi kusimama karibu na jambo kubwa kama lile, mtu mzima akipewa lugha upya, neno baada ya neno, na majani. Wateja walishangaa mbona mashine hailali na nguo hazitoki.

Baadaye akaacha kutaja vitu, akashika sentensi. Moja tu, siku zote, vipande vipande. Nilipoviunganisha vipande hivyo nilijua ni mimi ninayeambiwa, na hapa inabidi nikuungamie jambo.

Ule mwezi wa mapumziko niliokuomba nije kwako haukuwa mapumziko. Nilikuwa namwacha. Asubuhi ile aliyoanguka, sanduku langu lilikuwa mlangoni. Nilimwambia nimechoka na miaka kumi na minane ya kelele na kutu, nyumba haina hata mahali pa mtu kukaa akavuta pumzi. Akafungua mdomo kunijibu, akaanguka. Watu wote mlinisifu kwa kumuuguza, nami nilikuwa naogopa siku ulimi utakaporudi na kulimalizia lile jibu.

Jumamosi iliyopita sikukanyaga mashine. Nilitoka nje, nikasimama mbele yake. Alishtuka, akashika ukingo wa kiti. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

“Uki... ukitaka kwenda, nenda. Kwanza... kaa.”

Nikakaa. Mteja aligonga mlango wa mbele, akagonga tena, akachoka, akaenda zake. Tulikaa mpaka jua likahama ukutani, na mkono wake ule uliolala ulikuwa juu ya goti langu. Sijui nani kati yetu aliuweka.

Kile chumba ulichonitayarishia, dada yangu, kitumie kwa mambo yako. Mwezi ujao nitakuja kukusalimia kwa siku nne tu, na sitakuja peke yangu. Kwa sasa yuko bustanini anafanya mazoezi ya jina lako. Linampa tabu kuliko kipepeo.

Nisalimie shemeji na watoto wote.

Ni mimi mdogo wako, niliyekudanganya na ninayekupenda.