Nafasi Iliyokuwa ya Dada

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno.

Kazi nimeizoea. Bibi ninayemlea hajui lugha yangu, wala mimi yake. Tunaelewana kwa macho. Namwogesha, namlisha, namgeuza asipate vidonda. Jumapili ni yangu, na mwanawe, ambaye ndiye bosi, hukaa naye. Nimepewa chumba cha peke yangu, Dada, chenye dirisha! Na koti jekundu alilovaa bibi ujanani, limenikaa kana kwamba umelishona wewe. Picha hiyo hapo.

Nitunzie nakala ya mkataba wangu niliyokuachia. Ya huku bosi ameichukua pamoja na pasipoti, anasema ndiyo kawaida.

Mdogo wako,
Chiriku

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo kidogo. Mimi nipo na cherehani yangu.

Picha nimeiona. Mtaa mzima umeiona, maana mama ameizungusha kama kadi ya harusi. "Mmemwona mwanangu?" Nami nilikuwa hapo hapo chini, namkanda miguu.

Acha nikutolee lililonikaa kooni. Siku ile kwa wakala wa kazi za ng'ambo ulikuja kunibebea mkoba tu. Daktari alipoipima presha yangu akatikisa kichwa, wakala akakugeukia: "Na huyu je?" Ungeweza kusema hapana. Ulisema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Leo unanisimulia habari za dirisha.

Mkataba upo. Picha za koti zinatosha.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo? Haya ninayoandika usimwambie.

Nipo mahabusu, siku ya nne. Jumapili nilitoka kutembea, niliporudi nikamkuta bibi ameanguka bafuni, nyonga imevunjika. Mwanawe ndiye aliyekuwa naye. Lakini aliwaambia polisi ilikuwa zamu yangu, na kwamba mimi ndiye niliyemsukuma, wakanikamata Jumatatu. Bibi mwenyewe yuko hospitali, hawezi kuhojiwa.

Waliniwekea karatasi nisaini. Sikuelewa hata neno. Nikaisukuma, nikawa narudia, "Ubalozi, ubalozi," mpaka askari akachoka, akapiga simu. Kesho yake akaja wakili wa msaada wa bure, mama mnene mwenye mafua, pamoja na mkalimani. Akauliza akiwa bado amesimama, "Umesaini chochote?" Nikasema hapana. Ndipo akavuta kiti.

Nilimwambia mkataba unasema Jumapili ni mapumziko. Bosi anadai hakuna mkataba wowote. Dada, iliyobaki ni nakala yako tu. Piga picha kila ukurasa, utume kwa namba hii ya mkalimani, ndiye anayekutumia barua hii kwa simu yake. Nafikishwa kwa hakimu tarehe 15. Asipouona mkataba, naweza kukaa humu miezi.

Fanya haraka. Naogopa.

Mdogo wako

21 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini hali yako si mbaya. Mkataba nimeutuma leo, kurasa zote nne. Mtandao ulisumbua, halafu simu ikaharibika. Niwie radhi. Mama anakusalimu, hajui kitu.

Dada yako

4 Juni

Mdogo wangu,

U hali gani? Unakula? Unalalia nini? Hujajibu, nimemuuliza mkalimani. Amesema hakimu hakuona mkataba, akaahirisha mpaka mwisho wa mwezi huu, ukarudishwa ndani.

Simu haikuharibika. Barua yako niliipata siku ile ile, saa nne asubuhi, nikitia uzi kwenye sindano. Niliutoa mkataba, nikapiga picha ukurasa wa kwanza. Pale juu nikaona wakala alivyolikata jina langu kwa kalamu, akaandika lako kando. Nikaurudisha kwenye bahasha.

Nikajiambia, na akae kidogo, aonje. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya kesi nilishona sare za shule tangu asubuhi bila kuinua kichwa. Siku kumi, mdogo wangu. Sikutaka ufungwe. Nilitaka mara moja tu wewe ndiye uningoje mimi.

Kisha mama akauliza, "Mbona Chiriku kimya? Au ameolewa huko, katuficha?" Akacheka peke yake. Nikainuka, nikapiga picha kurasa zilizobaki, nikautuma.

Jana nimemwambia mama yote. Hataki tena nimkande miguu.

Dada yako, kama bado unaniita hivyo

27 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hii mara tatu nikaifuta. Basi ikae.

Nimetoka tangu mwezi uliopita. Hakimu aliusoma mkataba, akamuuliza bosi, "Jumapili nani hukaa na mama yako?" Bosi akakiri ni yeye. Pasipoti alinirudishia mbele ya askari. Nalala kwenye nyumba ya hifadhi, wanawake wanane chumba kimoja, mmoja anakoroma kama trekta.

Nilikaa ndani siku hamsini na mbili. Wakili anasema mkataba ungefika kwa wakati, zingekuwa nane. Hizo nane ni za bosi. Arobaini na nne ni zako.

Kuhusu siku ile kwa wakala, ulisema kweli. Daktari alipotikisa kichwa, moyo wangu uliruka kwa furaha. Tangu tukiwa wadogo mama akiumwa huita jina lako, hata kama mimi ndiye nimemshikia kikombe cha maji. Nilitaka kitu kimoja kilichokuwa chako, nikakichukua ukiwa bado umekaa kwenye kile kitanda cha daktari. Sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo.

Nimekusamehe? Bado. Nikisema ndiyo nitakuwa nadanganya, na mwongo mmoja anatosha katika nyumba yetu.

Nasafiri Alhamisi. Usije kunipokea, sijui nikikuona mbele za watu nitafanya nini. Nitakuja mwenyewe, nitabisha hodi. Ufungue wewe, si mama.

Mdogo wako