Meru: Sita kwa Moja

Jumapili, 2 Novemba 2025

Sijamwambia mtu yeyote, na sitamwambia. Kura iliyomwangusha Mama jana ni yangu.

Basi. Nimeandika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ya Tevin. Mdogo wangu huyo kazaliwa hapa Hayes, London, ana miaka tisa na vidole vya mwizi. Kiingereza angekimaliza chote kabla sijatoka bafuni. Kiswahili anakisikia vizuri tu, lakini kukisoma — neno "ng'ombe" linamshinda. Asanteni walimu wangu wa Nkubu, kule Meru! Niliwaacha nikiwa na miaka kumi na mmoja, ninyi hamjaniacha.

Jana chama chetu cha Wakenya kilichagua mwenyekiti, kwenye ukumbi wa kanisa. Nimefikisha kumi na sita, kwa hiyo nilipiga kura. Ya kwanza maishani. Wagombea wawili: Mama, jina lake Serah, na Bwana Harrison anayepakia mizigo kule uwanja wa ndege, mtu mpole kuliko mto wa kulalia. Kura ya siri, ndani ya sanduku la viatu lenye tundu. Ila juu ya karatasi unaandika kaunti yako ya nyumbani. Hapo ndipo siri ilipotoboka. Msimamizi alikuwa Bwana Nadim wa Mombasa, akasoma matokeo kama wale wa kwenye runinga: "Kaunti ya Machakos!..." Koo safi, miwani puani. Kisha: "Kaunti ya Meru! Serah — sita! Harrison —" akakohoa — "moja."

Ukumbi mzima: "Eeeh!"

Wameru tuko saba tu.

Jumla: Harrison 31, Serah 30. Mama alipiga makofi, akamkumbatia Bwana Harrison. Kwenye basi alitazama dirishani mpaka kituo chetu, na nje hakukuwa na kitu ila mvua.

Jumatatu, 3 Novemba

Kwa nini? Nijiulize mwenyewe kabla sijaulizwa.

Kwa sababu nilimtaka Jumamosi. Ndiyo hiyo tu.

Mama ni nesi, shifti nne za usiku kwa wiki. Jumamosi ni za chama, na hapo alikuwa katibu tu! Nesi mgeni anafika uwanja wa ndege wa Heathrow, Mama akampokee. Mtu kafiwa, Mama akapike. Mwezi uliopita alisinzia wima akisonga ugali, mwiko mkononi. Uliungua mpaka king'ora cha moshi kikalia. Akashtuka, akasema kwa utulivu kabisa, "Karibu utaiva." Tulicheka sote watatu. Halafu mimi nikaenda bafuni kulia.

Akiwa mwenyekiti angelala lini? Ningemwambia. Mdomo wangu ndio huo, unajifunga kama mlango wa lifti. Nikaandika "Harrison".

Jumanne, 4 Novemba

Nimemsikia Mama akiongea kwenye simu na mtu wa chama. Anasema wale wanne wa kina Mwenda walimwonyesha karatasi zao kabla ya kuzitumbukiza. "Wanabaki watatu. Mimi, mtoto wangu, na Margaret. Piga hesabu mwenyewe."

Mimi hakunihesabu! Hata sekunde moja.

Anti Margaret! Amesoma unesi pamoja na Mama. Siku niliyotua London alikuja na koti, akanivika kabla hata ya kunisalimia. Kila Jumapili ya pili ananisuka, magoti yake mabegani mwangu, akinisimulia Mama alivyokuwa mtundu chuoni. Leo kapiga simu mara tatu. Mama kaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, kama karata.

Alhamisi, 6 Novemba

Somo la historia limeniandama!

Mwalimu katuletea uchaguzi wa Virginia wa Februari 1789, wa kwenda Bunge la kwanza kabisa la Marekani. Kiti kimoja, kaunti nane, wagombea wawili: Madison na Monroe, ambao walikuwa marafiki. Hakuna sanduku, hakuna karatasi. Unasimama mbele ya sherifu, askari mkuu wa kaunti, anakuuliza unamtaka nani, unasema kwa SAUTI, karani anaandika. Mgombea akiwepo hapo, anakushukuru kwa kumpa heshima. Na kama hukumtaja yeye, anakusikia vilevile.

Wapiga kura walikuwa wanaume weupe wenye ardhi tu. Minal, anayekaa nami, akasema basi darasa hili zima tungekuwa nje kwenye theluji tunashika farasi.

Tulipewa jedwali la kaunti. Goochland: Madison 132, Monroe 133. Kura moja! Nilihisi joto masikioni. Halafu Orange, nyumbani kwake Madison: 216 kwa 9. Watu tisa walisimama mbele ya majirani wote, wakamtaja yule mwingine. Waliwezaje? Walirudi nyumbani kwa njia ipi?

Alhamisi ijayo tutaigiza. Kila mtu kaokota kadi. Yangu: mmoja wa wale tisa wa Orange. Mungu ana mzaha.

Jumapili, 9 Novemba

Jana nilimpata Mama Jumamosi nzima. Alipanga kabati la viungo. Akalipangua. Akalipanga tena. Simu haikulia hata mara moja. Tulikula mukimo mbele ya runinga, akaniegemea, mzito na wa joto, ananuka sabuni ya wadi. Ndicho nilichokitaka. Lakini nusu yake haikuwepo, na najua iko wapi. Iko barabara ya tatu kutoka hapa, kwa Anti.

Leo kanisuka yeye. Mistari imepinda kama barabara ya kwetu milimani. "Usicheke, Kena, tulia!" Yeye mwenyewe anacheka. Kisha akasimama na kitana hewani: "Huyu Margaret alikuwa anaanzia wapi?"

Jumanne, 11 Novemba

Nimekutana na Anti Margaret dukani, kwenye foleni. Nilitaka kujificha nyuma ya magunia ya mchele. Kaniona.

"Kichwa hiki kimesukwa na nani? Na trekta?"

"Na Mama."

"Ndiyo nikasema." Akanirekebisha mstari mmoja kwa kidole. Kumbe amepata kazi Stratford, anahama Jumamosi! Mwisho mwingine kabisa wa London. Akasema angeikataa, lakini sasa Hayes kuna baridi. Hakumaanisha baridi ya hewa.

Nikasema, "Anti."

Akaningoja. Kisha akasema polepole, "Kena, mimi najua nilimpigia nani. Na mama yako anajua alijipigia nani." Akanitazama. Akatabasamu! "Uje Stratford nikusuke." Akalipa vitunguu vyake, akaondoka.

Anajua. Anajua na hajasema.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Monroe." "Harrison." "Mama, ilikuwa mimi." Hilo la tatu halitoki. Tevin kabisha hodi, anauliza kwa Kiingereza chake kama naongea na mchumba na kama jina lake ni Harrison. Nimemtupia soksi.

Mama akipika chai nilimuuliza, hivi hivi tu, kama mtu anaweza kukunyima kura na bado anakupenda. Akasema, "Anaweza. Lakini aje aniambie." Halafu: "Margaret hajaja."

Alhamisi, 13 Novemba

Nimesema!

Minal alikuwa sherifu, na rula kiunoni badala ya upanga. Dhiren alikuwa Madison, kakaa mbele akishukuru watu kwa kuinamisha kichwa. Ikafika zamu yangu. Minal: "Mpiga kura wa Orange, unamtaka nani?" Darasa zima linanitazama. Nikatazama viatu vyangu, nikasema, "Monroe." Minal akasema karani hajasikia. Nikainua uso, nikamtazama Dhiren: "MONROE!"

Dhiren akajishika kifua: "Wewe! Jirani yangu! Mbuzi wako si wanakula kwangu?" Darasa likavunjika mbavu. Na mimi pia. Baada ya kipindi akanigawia chipsi zake, amesahau kila kitu.

Mwalimu alisema Madison na Monroe waliendelea kuwa marafiki baada ya hapo. Labda kwa sababu kila kitu kilisemwa wazi. Hakuna aliyebaki kupiga hesabu jikoni.

Kesho namwambia Mama.

Ijumaa, 14 Novemba

Sikumwambia.

Jumamosi, 15 Novemba

Saa tano asubuhi. Anti Margaret yuko chini! Kaja kurudisha sufuria kubwa ya Mama. Gari la mizigo liko nje, injini inanguruma, godoro linaonekana kwa nyuma. Mama kamfungulia, lakini sisikii akimkaribisha kiti.

Naandika huku nasikiliza. Sakafu yetu ni nyembamba kama chapati.

Wanasema mambo ya sufuria. Kifuniko. Hali ya hewa ya Stratford! Wanawake wa miaka ishirini ya urafiki, wanaongea hali ya hewa.

Sasa Mama: "Margaret, sema tu. Sema ulimpigia Harrison, yaishe. Sina hasira na kura. Nina hasira na kimya."

Anti, sema hapana! Sema!

Nimesimama. Nimefika mlangoni. Nimeshika kitasa. Nimerudi.

Anti kasema: "Haya, Serah. Kama itakupa usingizi — ni mimi."

Kanibebea. Kaubeba huo mzigo kama koti lile la Heathrow, bila kuniuliza.

Mama kasema "Asante" kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia. Analia. Anti katoka nje, mlango haujafungwa. Mama anapanda ngazi. Pole pole. Atakuja humu, akilia huwa anakuja humu, anakaa kitandani kwangu na kujidai anakunja nguo.

Nimesema "Harrison" kwa sauti. Nimesema kweli, hapa chumbani. Lakini ngazi ya nne, ile yenye mbao mbovu, imelia wakati huohuo, hakusikia.

Nimefunika ukurasa kwa kiwiko, mazoea.

Hivi nilikuwa namficha nani muda wote huu? Nyumba hii ina mtu mmoja tu anayeweza kusoma Kiswahili changu mpaka nukta ya mwisho.

Nimetoa kiwiko. Gari bado linanguruma.

Mama, anzia tarehe mbili. Soma haraka, Anti hajaondoka.