Taa ya Mrango

Kitale, Novemba 1955

Nyongesa, Alwi amenimaliza.

Miaka miwili tunasomea umeme dawati moja! Leo kwenye mtihani wa mwisho mkaguzi akakuta michoro yetu ya waya za nyumba inafanana. Yote imeandikwa "taa ya mrango".

Mrango, bana. Si ni sisi watu wa Bungoma tunaotamka hivyo? Alwi alinakili hata kosa langu.

Mkaguzi ni mgeni kwetu, hakujua nani kamnakili mwenzake. Akaelekeza kidole mlangoni, akatuuliza kile ni nini.

Alwi, mtu wa pwani anayenicheka matamshi yangu kila siku, akajibu "mrango". Ati Alwi! "Mrango"!

Mimi kwa woga nikasema "mlango", safi kabisa, mara ya kwanza maishani. Nimefukuzwa mimi, ati ndiye niliyenakili.

Na aliyenifundisha kulisema neno hilo hivyo ni Alwi.