Chanuo la Papa na Moto wa Jumamosi

Kisangani, komini ya Tshopo

Mama yangu mpenzi,

Amani iwe nawe na wote wa hapo Kindu. Goti limeacha kukusumbua? Na yule mbuzi mkorofi bado anakula nguo kwenye kamba? Mimi ni mzima, sina hata lengelenge. Naanza na hilo kwa sababu kaka yako, mjomba wetu tonton Saidi, alikupigia simu akakuambia nyumba imeungua. Nyumba ipo. Kilichoungua ni pazia na meza, basi.

Umeniagiza nitupe "madawa" yangu nirudi nyumbani. Nisikilize kwanza.

Unajua nikimaliza kushona nguo za wateja, pumbao langu ni rezini. Ni nzito kama asali. Unaichanganya na dawa ya kuikaza, unaimimina kwenye kalibu, na kesho yake imekuwa ngumu, inang'aa kama kioo. Wiki ile nilikuwa na chanuo lako, lile marehemu Papa alilokuchongea mlipokuwa wachumba. Ulinipa nilitengeneze, nami nilikuwa nalimiminia meno mapya matatu.

Umeme ulikuwa umekatika siku nyingi. Hapa kila mtu huacha vitu vyake vimewashwa, ili courant ikirudi ajue. Nami niliacha feni, taa na cherehani, vyote kwenye rallonge moja, ule waya wa kurefushia umeme. Jumamosi mchana umeme ukarudi kwa kishindo, mtaa wote, avenue nzima, ukalipuka kwa shangwe: "Courant imerudia!" Rallonge yangu ikatema cheche, pazia likashika. Napiga kelele "Moto!", watu wanadhani nashangilia nao. Cheka, Mama. Mimi siku ile nililia.

Swichi kubwa ilikuwa kwa jirani, papa Bosongo muuza samaki, maana waya wetu unapitia kwake. Nikamkimbilia.

"Papa, kata courant!"

"Nikate? Wapi! Samaki yangu iko inaoza, na courant imefika sasa hivi tu!"

"Papa, nyumba iko inaungua!"

Alipoona moshi akakata. Halafu akaruka na beseni la maji. Nilimzuia mlangoni, kwa sababu bado sikuuamini ule waya.

"Maji hapana, papa! Leta muchanga!"

Kwa bahati jirani mwingine anajenga. Watu wa parcelle, ua wetu mzima, wakabeba mchanga wake kwa sufuria, kwa vitenge, hata kwa kofia, mpaka moto ukazimika.

Chupa za rezini zilikuwa kwenye sanduku upande wa pili wa chumba, hazikuguswa. Kwa hiyo usizilaumu, Mama. Lakini chanuo lilikuwa mezani. Nililifukua mchangani, meno mapya yameharibika, ncha ya mti imekuwa nyeusi. Nikakaa chini nikalia kama siku ya msiba wa Papa. Kisha nikaliosha, nikalipiga msasa, nikamimina upya.

Fundi amebadilisha waya, na sasa nina swichi yangu mwenyewe. Ndoo ya mchanga iko mlangoni. Umeme ukikatika nachomoa kila kitu, na papa Bosongo naye anachomoa friza lake. Ananitania: "Sisi mbili tutakuwa ba mwisho kabisa kujua courant imerudia mu Kisangani!" Sawa, tutajua mwisho. Lakini siachi, Mama, wala sirudi kwa sababu ya woga.

Nisalimie shangazi aliyenilea, na kaka yangu dereva, mwambie apunguze mwendo. Mbusu mtoto wa dada.

Tonton Saidi anakuja kwa njia ya Ubundu, chanuo liko kwenye mfuko wake, limefungwa kwenye kitenge. Ule weusi wa nchani nimeuacha, maana ningeukwangua ningefuta na alama za kisu cha Papa. Meno matatu yanapitisha mwanga, utayaona.

Chana nywele nalo kwanza, Mama. Ndipo uniambie niache.

Mwanao asiyekusahau,
Zuhura