Taa ya Kijani Kando ya Jina Lake

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako korofi limetulia. Mimi sijambo, ila kukukumbuka tu. Jana nimeunguza sufuria kwa kukuwaza, basi usiseme sikukurithi.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo, na ukurasa wetu wa familia upo. Kwenye simu ungenikatiza, nakujua. Na kwenye ukurasa ule nisingeweza kuyaandika maneno haya huku jina la Mziwanda wetu likinitazama.

Kwanza habari za kazini. Yule mkuu wetu tunayemwita Bwana Komeo, kwa vile anapenda kila kitu kifungwe, amenipa mfumo wa zahanati moja niurekebishe. Mtu akiingia kwa neno la siri, mfumo humpa kibali cha muda. Akikaa kimya sana, kibali kinatakiwa kife, naye aombwe kujitambulisha upya. Kumbe pale vibali havifi! Mama wa mapokezi alistaafu, akaagwa, na bado mfumo unasema yupo kazini, taa ya kijani inawaka kando ya jina lake. Wagonjwa wanamwandikia na kungoja majibu. Wenzangu walicheka wakashika mbavu, wakasema huyo mama ni mchapakazi kweli, hata pensheni haimwondoi kitini. Na mimi nilicheka. Halafu nikatoka nje kana kwamba naenda kunywa maji.

Unakumbuka nilipokutengenezea ukurasa wetu? Siku ya pili tu ulinipigia umefura, ukasema kila ukienda kugeuza chakula jikoni, ukirudi unakuta umefukuzwa, unaulizwa neno la siri kama mwizi nyumbani kwako. Mziwanda alikuwa kando yako, akadakia kwamba nina roho ngumu, nani anamfungia mama yake mlango. Basi nikaondoa kikomo. Aliyeingia ameingia, asitolewe kamwe. Nilifanya kwa mapenzi, Mama, na hilo silijutii.

Kisha Mziwanda akaondoka na wale wajenzi wa barabara, akapiga simu mara mbili tatu, akanyamaza. Nawe ukaanza kuegemeza simu yako kwenye kopo la sukari kila asubuhi ili uione taa yake. Ulitukataza kwenda polisi. Ulisema mtu hapotei huku taa yake inawaka. Kwamba anaona haya kurudi mikono mitupu, ukaidi kaurithi kwa baba yake, almuradi yupo. Jirani alipokuja na kiti chake na uso wa msiba, ulimtimua hata kiti akakisahau. Na mimi nilikuamini. Kila asubuhi ofisini nilifungua ukurasa ule, nikamsalimu kimoyomoyo, ndipo nikaanza kazi. Fundi mzima! Ama kweli kinyozi hajinyoi.

Mama, kaa chini kwanza. Taa ile si yeye. Ni kibali alichopewa siku ya mwisho alipofungua ukurasa akiwa hapo nyumbani, na hakuna aliyekiambia kife. Nimeangalia, nikarudia kuangalia. Tangu aondoke hajaingia hata mara moja. Haina maana kwamba amekufa, usilie hivyo. Wala haina maana kwamba yu hai. Hatujui alipo, basi, na tumekaa tunaitazama taa wakati tungekuwa tunamtafuta. Nimemkumbuka mno, Mama. Nimeukumbuka hata ule mluzi wake wa bafuni uliokuwa ukinitoa usingizini nikamtukana.

Pale zahanati nimeshazima vibali vyote vya zamani. Jambo moja tu nilibishana na Bwana Komeo. Yeye alitaka kila aliyetolewa aanze upya, na alichokuwa akiandika kipotee. Nikamwambia la, mtu akirudi aulizwe tu ni nani, kisha apelekwe palepale alipoishia, akute maneno yake yanamngoja. Alinung'unika, akakubali. Na kwetu nitafanya vivyo hivyo.

Ila taa yenyewe imenishinda kuizima. Wiki nzima nanyoosha mkono, narudisha. Nakuja Jumamosi, tuizime pamoja, halafu tuvae viatu twende polisi na ile picha yake ya shati la bluu. Utanigombeza njia nzima, najua. Nigombeze tu, sauti yako nayo nimeikumbuka.

Msalimie jirani, na umrudishie kiti chake. Goti ulikande kwa maji ya moto, usijifanye kijana. Na tukishaizima taa, simu yako iache palepale kwenye kopo la sukari. Siku itakapowaka tena, Mama, atakuwa ni yeye.

Akupendaye daima,
Binti yako mkubwa