Namba Niliyoiandika Bila Kupima

Jumatatu, 3 Februari 2025

Semina imeanza. Hospitali ya watoto na chuo kikuu wameungana — miaka miwili ya kufuatilia afya ya vijana wa Mpanda, wa miaka kumi hadi kumi na tisa. Shuleni na majumbani. Manesi wanne tumechaguliwa. Zahanatini wamenipongeza.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Mchana Dk. Gratien wa hospitali ya watoto akafundisha kisukari cha watoto. Mtoto anakunywa maji hashibi, anakojoa kila saa, anakonda. Akizidiwa, pumzi yake inanukia tunda lililoiva kupita kiasi. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilisimama.

Nanasi. Mama yake aliniambia: sista, mwanangu ananukia nanasi na nyumbani hatujala nanasi.

Emelyne. Miaka kumi na nne. Ningesema nilikuwa nimemsahau, ningekuwa naongopa.

Jumatano, 5 Februari

Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusema.

Ilikuwa Aprili, mwaka juzi. Foleni hadi nje. Emelyne alikaa kwenye benchi na sare ya shule, amemwegemea mama yake, midomo mikavu. Nilimpima malaria — hakuna. Kipima sukari kilikuwa kabatini, ufunguo anao mwenzangu, naye alikuwa amekwenda kula. Kumfuata ni dakika tano. Kwenye daftari la mtoto pana mahali pa sukari. Nikaandika 5.2. Namba ya mtu mwenye afya njema. Nikawapa dawa ya U.T.I. Wakashukuru, wakaondoka.

Alikufa siku ya tatu. Msibani sikwenda.

Leo sokoni Makanyagio nimefika kwenye meza ya mananasi, nikageuka. Nimezunguka njia ya nyuma kama mtu anayedaiwa.

Alhamisi, 13 Februari

Hezron, mwalimu wa chuo, ndiye anayegawa maeneo. Mimi Nsemulwa, mtaa wa kina Emelyne. Nimemwomba anibadilishie anipe Majengo. Kasema nyumba zimechaguliwa na kompyuta, hazibadilishwi.

Nyumba ya sita. Nimebisha hodi, akatoka yeye, mama yake Emelyne.

“Karibu, sista. Wewe nakukumbuka. Ndiye uliyempokea Emelyne wangu.” Akaniwekea kigoda kivulini. “Pale wengine wanafokea watu. Wewe ulitusikiliza, ukampima kila kitu.”

Nilifungua karatasi.

Jirani akapita, akamsalimia: “Mama Emelyne, una wageni?” Naye akaitika. Bado wanamwita hivyo. Jina la marehemu linaitwa uani, mchana kweupe, na mtu anaitika.

Dodoso la Hezron, swali la 31: kuna kijana aliyefariki katika nyumba hii? Swali la 32: familia inaamini sababu ni nini?

“Bibi yake,” alisema bila kusita. Mama mzazi wa Leonidas, mume wake. Hospitali wamepima, sukari nzuri, malaria hakuna, mtoto anakufa — sasa hapo ni nini? Walikwenda kwa mganga, akamtaja bibi. Leonidas mwenyewe ndiye aliyeuvunja mlango wa mama yake, watu wa mtaa nyuma yake na fimbo. Bibi Verdiana aliondoka na kanga aliyovaa, akarudi kwao Mpimbwe.

Nikaandika: uchawi. Mwandiko ule ule.

Wana binti mwingine, Dorice, miaka kumi na miwili. Alikuwa shule. Itabidi nirudi kumpima.

Jumapili, 16 Februari

Misa sikuisikia. Nilikuwa nahesabu. Mimi nilidhani nimeua mmoja. Sasa yupo mzee anayelala ugenini, mtoto wake mwenyewe amemfukuza, kwa namba yangu.

Jumanne, 18 Februari

Nimerudi. Dorice yupo, hakwenda shule — anasema amechoka. Kabla sijafungua mkoba amekunywa vikombe viwili vya maji na anaomba cha tatu.

Nimemtoboa kidole. 19.4. Nikarudia kidole kingine. 19.6.

Mama yake aliniona usoni. “Bibi hajamaliza,” alisema polepole. Leonidas akatoka ndani, akasema hangoji mwingine afe, anaita bodaboda, wanakwenda kwa mganga sasa hivi. Alikuwa ameshapiga simu.

Nikasema: “Baba Emelyne, huyu ana kisukari. Na dada yake alikuwa nacho.”

“Emelyne ulimpima,” mama yake alisema. “Daftari ninalo. Tano nukta mbili.” Anaijua kwa moyo.

“Sikumpima. Niliandika tu.”

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani wapige. Leonidas aliketi juu ya matofali, simu mkononi, mtu wa bodaboda anasema haloo, haloo.

“Rudia,” akaniambia.

Nikarudia yote. Ufunguo, foleni, dakika tano.

“Mlango wa mama yangu niliuvunja kwa shoka,” alisema. Hakuwa anasema na mimi.

Mama Emelyne akamshika Dorice mkono. “Twende hospitali. Sista, wewe tangulia. Sitaki uwe nyuma yangu.”

Nikatangulia.

Ijumaa, 21 Februari

Dorice yuko wodini, hospitali ya watoto. Insulini imeshika. Jana amekunywa uji wote akauliza kama atakosa mtihani. Dk. Gratien anasema wiki moja zaidi nyumbani, tungekuwa tunaongea mengine.

Nimemwambia na yeye. Aliuliza tarehe tu, akaandika. “Hili siwezi kulifunika, Evaline.” Sikumwomba alifunike. Ripoti inakwenda kwa wakubwa. Sijui nitabaki nesi.

Hezron kanipigia: nyumba ya sita, swali la 32, amesikia kuna marekebisho — tuandike nini? Sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayejaza jedwali. Nimemwambia: andika kisukari, nesi hakupima. Halafu akauliza kama nataka likizo.

Jumamosi, 1 Machi

Mama Emelyne amekuja kwangu. Sikujua anapajua. Hakuketi, maji alikataa.

Dorice ametoka wodini jana. Wamefundishwa kuchoma sindano. Baba yake ndiye anayechoma.

“Bibi lazima asikie,” alisema. “Nikienda peke yangu hataniamini. Wewe ndiye utasema.”

Nikauliza kama Leonidas anakuja. Kasema amemwomba, amekataa. Hawezi kusimama mbele ya mama yake.

Mlangoni aligeuka. “Usidhani nimekusamehe. Sijafika huko.”

Jumanne, 4 Machi. Saa saba mchana

Tupo. Basi limetuacha mbele ya Usevya, kisha bodaboda, kisha miguu kwenye matuta ya mpunga, matope hadi magotini. Njia nzima tumesema maneno matatu. Aliteleza, nikamshika mkono, akauacha mkononi mwangu hatua kadhaa. Halafu akautoa.

Nyumba ya Bibi Verdiana iko peke yake, mbali na nyingine. Tulimwona kabla hajatuona — mdogo, amejikunja, anaanika unga. Aliinua kichwa. Akamtambua mkwe wake. Ungo ukaanguka, unga wote chini, akaingia ndani na mlango ukafungwa. Mzee wa miaka sabini na kitu, sijawahi kuona mzee anakimbia hivyo.

Mama Emelyne amebisha. “Mama, ni mimi. Nimekuja kwa amani.”

Baadaye sauti ndani, nyembamba:

“Mmekuja wangapi?”

Mama Emelyne aliweka kiganja mdomoni. Nikajibu mimi.

“Wawili, bibi. Wanawake. Mimi ni nesi.”

“Na Leonidas yuko wapi?”

“Hakuja.”

“Ana shoka?”

“Hakuja, bibi.”

Nikaanza kusema pale pale, kwenye ubao wa mlango. Jina langu. Zahanati. Aprili. Nimesema kwamba mjukuu wake aliuawa na ugonjwa ambao mimi sikuupima, na kwamba yeye hakufanya chochote. Nimesema mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa, maana majirani wameanza kusogea na nataka wasikie. Mlango haukufunguliwa.

Ni robo saa sasa. Nimekaa kizingitini, naandika ili mikono iwe na kazi. Mama Emelyne amepiga magoti anachota unga, chembe kwa chembe, anautenga na mchanga, analia bila sauti.

Ndani kuna kitu kizito kinaburutwa. Sijui anakiondoa mlangoni, au anakisogeza kuuzuia.