Mama Mkwe Juu ya Wimbi

Mama Nyangeta wangu,

Nakusalimu kutoka Musoma nikiwa bado natetemeka! Sabuni uliyoipangia foleni imefika salama. Jana nikashuka nayo ziwani kuoga, maji ya magotini tu, unajua ninavyoogopaga. Wimbi likanizoa. Nikapiga yowe. Aliyekuja kuniokoa ni mama yako! Mama mkwe, ambaye kwa heshima hatutazamani usoni, kalala kifudifudi juu ya ubao wa mtumbwi, anateleza na wimbi kama msichana! Akanidaka mkono, mimi na kaptula tu. "Usipigane na maji, baba. Legea." Nikalegea, nikaelea. Jioni alinipita kimya, uso chini, kama kawaida yetu. Ila asubuhi hii nimeukuta ubao ule umeegemezwa mlangoni kwangu.

Nisalimie watoto. Waambie baba yao anarudi majini.